Kozi ya Majuma Sita ya Ujasiri wa Kikristo: Tathmini ya Mshiriki Mwenye Kigugumizi

Nimemaliza hivi karibuni kozi ya majuma sita inayoandaliwa kwa ajili ya Wakristo wanaotaka kuikabili hofu na kuchukua hatua ambazo wamekuwa wakiziahirisha, na naandika tathmini hii kwa manufaa ya yeyote anayefikiria kujiunga na mafunzo ya namna hiyo. Kozi hufuata utaratibu uleule kila juma: somo la video la nusu saa, mazungumzo katika kundi la watu wanane, daftari la mazoezi ya kujaza nyumbani, na mwenza wa maombi ambaye mnawasiliana naye angalau mara mbili kabla ya kikao kinachofuata. Katika kikao cha kwanza kila mshiriki hutaja jambo moja analoliogopa, na kabla ya kikao cha mwisho hutakiwa awe amechukua hatua moja ya kweli kulielekea.

Jambo langu lilikuwa kusoma Neno mbele ya kusanyiko. Nina kigugumizi tangu utotoni, na herufi inayonikwama kuliko zote ni B. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mwenye kigugumizi hujifunza kukwepa, kwa maana huliona neno gumu likija kutoka mbali, akalibadilisha kwa lingine lenye maana ya karibu, na msikilizaji asigundue lolote. Maandiko hayatoi nafasi hiyo, kwa sababu huwezi kusimama kwenye mimbari ukabadilisha maneno ya nabii ili yakufae ulimi, na neno linalojirudia kuliko mengi katika kurasa zile ni Bwana. Kwa miaka mingi kila nilipoombwa kusoma nilitoa udhuru, na udhuru wenyewe ulifikia hatua ya kutonisumbua tena dhamiri.

Somo la kwanza linaanza na Musa penye kijiti kilichowaka moto, na hapo ndipo nilipojua kwamba waandaaji wamelifikiria jambo lao. Watu wengi hulikumbuka lile jibu la Musa kwamba ulimi wake ni mzito, lakini mwalimu wa video alikaa kwa muda mrefu kwenye kile kinachofuata: Mungu hakumponya ulimi. Alimkumbusha ni nani aliyemfanyia mwanadamu kinywa, akaahidi kuwa pamoja na kinywa chake, na Musa alipozidi kukataa akampa Haruni. Nilikuwa nimeisoma sura ya nne ya Kutoka mara nyingi bila kuona kwamba mtu aliyekwenda kusimama mbele ya Farao alikwenda na ulimi uleule mzito, akiwa na ndugu yake kando. Daftari linauliza swali moja tu juu ya somo hilo, nalo ni hili: Haruni wako ni nani? Niliandika jina la mwenza wangu wa maombi, ingawa wakati huo nilikuwa nimemfahamu kwa saa moja na nusu tu.

Juma la pili linahusu amri ya kutoogopa, na kwa maoni yangu ndilo lenye mafundisho safi kuliko yote. Wengi wetu tumelelewa na Yoshua 1:9, ile aya ya kuwa hodari na moyo wa ushujaa, tukaisoma kana kwamba Mungu anamkemea mtu anayetetemeka. Somo linaonyesha kwamba amri hiyo Mungu anaitoa mara tatu katika sura moja, na kwamba anayeambiwa jambo mara tatu bila shaka analihitaji. Kisha mwishoni mwa sura watu wenyewe wanamrudishia Yoshua maneno yaleyale. Sababu inayotolewa ni moja, kwamba Bwana yu pamoja naye kila aendako, wala haitajwi hata mara moja kwamba Yoshua mwenyewe ana uwezo. Jambo hili linatuondolea mzigo mzito, kwa kuwa mtu anayejichunguza ndani akitafuta ushujaa, asiupate, huhitimisha kwamba imani yake ni haba. Mtume Paulo mwenyewe anawaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi, na hakuna anayesema Paulo hakuwa na imani.

Kutoka hapo kozi inahamia kwa Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za watu weusi Marekani, na mfano huu umetumiwa kwa uangalifu unaostahili kusifiwa. Usiku mmoja mwishoni mwa Januari 1956, mgomo wa watu weusi wa mji wa Montgomery wa kususia mabasi yaliyowabagua ukiwa umeanza mwezi uliotangulia, King alipokea simu ya vitisho, akashindwa kulala, akaenda jikoni kuchemsha kahawa. Alikuwa na umri wa miaka 27, mke na mtoto mchanga wakiwa wamelala ndani. Baadaye alisimulia jinsi alivyoketi pale mezani akitafuta namna ya kujitoa katika uongozi bila kuonekana mwoga, kisha akaomba kwa sauti, akikiri mbele za Mungu kwamba ujasiri wake ulikuwa unakwisha. Alisema amani ilimjia usiku ule. Tarehe 30 Januari nyumba yake ilipigwa bomu, mkewe na mtoto wakiwa ndani. Walinusurika, naye akasimama mbele ya umati uliojaa hasira akiwasihi watu wasilipize kisasi. Katika kundi letu hatukuzungumza sana juu ya bomu. Tulizungumza juu ya ile meza ya jikoni, na juu ya mtu aliyekiri hofu yake kwa sauti kabla hajapewa nguvu, na nadhani waandaaji walikusudia hivyo.

Mazoezi ya juma la tatu yanahusu tofauti kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu, na hapa nina shukrani ya pekee, kwa kuwa mafundisho mengi ya ujasiri huliruka jambo hili. Mfano uliochaguliwa ni Nehemia. Alipata habari za Yerusalemu katika mwezi wa Kislevu, akafunga na kuomba, na hakufungua kinywa mbele ya mfalme Artashasta hadi mwezi wa Nisani, yaani baada ya miezi minne hivi. Siku mfalme alipomwuliza kwa nini uso wake una huzuni, anakiri mwenyewe kwamba aliogopa sana. Aliomba kimoyomoyo kati ya swali na jibu, kisha akataja hasa anachohitaji: muda wa safari, nyaraka kwa maliwali, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti. Alipofika alizikagua kuta usiku kabla ya kumwambia mtu yeyote. Hatari aliyoichukua ilikuwa kubwa, kwani mnyweshaji kuonyesha huzuni mbele ya mfalme halikuwa jambo dogo, lakini kila kilichowezekana kuandaliwa kiliandaliwa. Daftari linamtaka kila mshiriki aandike kurasa mbili: ukurasa wa kwanza uhusu yale anayoweza kuyaandaa, na wa pili yale asiyoweza kuyaandaa kamwe, ambayo ndiyo atakayoyaombea. Mama mmoja katika kundi letu, aliyekuwa akitaka kuacha kazi aanzishe yake mwenyewe, aliujaza ukurasa wa kwanza hadi pembeni, na alipoutazama wa pili akasema kwa mara ya kwanza kwamba hofu yake ilikuwa na mistari mitatu tu. Zoezi hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ajiunge.

Juma la nne halikuniridhisha, nami nasema hivi kwa sababu nayapenda mafunzo haya. Somo la video linaingia katika lugha ya ahadi, likieleza kwamba anayetoka chomboni kwa imani lazima avuke, kwamba mlango ulio mbele ya mtu jasiri hufunguka, na linatoa shuhuda za watu waliothubutu wakafanikiwa, bila hata mmoja aliyethubutu akapoteza. Petro anatajwa akitembea juu ya maji, lakini kule kuzama kwake kunapitwa haraka, na mkono uliomshika unapitwa haraka zaidi. Nilijiuliza mtu aliyefiwa, au ambaye biashara yake ilianguka baada ya maombi ya mwaka mzima, angeyasikiaje maneno hayo. Maandiko yenyewe ni ya kweli zaidi. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza yale maneno mafupi, "bali kama si hivyo", na kukataa kwao kuisujudia sanamu hakukutegemea jibu la tanuru. Esta aliomba watu wafunge kwa siku tatu, akaamua kuingia kwa mfalme kinyume cha sheria, akasema akiangamia na aangamie. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyeupinga utawala wa Hitler, alikwenda Marekani katikati ya 1939, mahali pa usalama, akarudi Ujerumani baada ya majuma machache tu kwa kuwa aliona hawezi kukwepa mateso ya watu wake, na aliuawa tarehe 9 Aprili 1945, mwezi mmoja hivi kabla ya vita kumalizika Ulaya. Somo la ujasiri lisilo na nafasi ya watu hawa linamwandaa mshiriki kwa ushindi peke yake, na siku atakaposhindwa atadhani alikosea kuamini.

Katika juma hilohilo kulitokea jambo lililoniumiza. Mmoja wa wasimamizi, akijibu swali la mshiriki mwingine, alisema kwamba kigugumizi, mapigo ya moyo kwenda mbio na kukosa usingizi ni dalili za roho ya woga ambayo Mungu hakutupa, akimaanisha 2 Timotheo 1:7. Najua hakukusudia kunijeruhi. Hata hivyo kigugumizi si kipimo cha imani, kwa wengi huanza katika umri mdogo kabisa, na mtu huweza kuwa nacho hali moyo wake umetulia. Vivyo hivyo ipo hofu ambayo ni ugonjwa, inayomshika mtu ghafla akashindwa kupumua, au inayomfungia ndani ya nyumba kwa miezi, na hofu hiyo inahitaji daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo pamoja na maombi. Nimelitafuta jambo hili katika daftari zima nisilione hata katika aya moja. Kozi inayowakusanya watu wenye hofu inapaswa kulisema waziwazi tangu kikao cha kwanza.

Juma la tano linatumia mfano wa talanta, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba lilinigusa pale mtumwa wa tatu anapojieleza: aliogopa, akaenda akaificha talanta ardhini. Kasoro ndogo ya daftari pia niitaje hapa: kurasa zake zimegundishwa kwa gundi dhaifu, na kufikia juma hili langu lilikuwa limeachana mgongoni.

Nililofaidi zaidi halikuandikwa katika ratiba kama somo. Kila kikao hufunguliwa kwa zaburi inayosomwa na kundi zima kwa sauti moja, na katika kikao cha pili niligundua kwamba nilikuwa nimesoma Zaburi ya 23 kuanzia neno la kwanza, ambalo ni Bwana, bila kukwama popote. Wanaokijua kigugumizi wanafahamu kwamba ulimi mara nyingi hufunguka mtu anaposoma pamoja na wengine, lakini mimi nilikuwa nimekaa kimya katika visomo vya pamoja kwa miaka mingi kiasi cha kutolijua. Nilimweleza mwenza wangu wa maombi, na yeye ndiye aliyependekeza kwamba siku nitakapopanda kusoma, apande pamoja nami asimame kando, na nikikwama aanze neno hilo kwa sauti ya chini nami nidakie. Kiongozi wa ibada aliombwa, akakubali bila kuuliza maswali mengi.

Somo nililopewa lilikuwa Yoshua 1:1–9. Nilikwama katika aya ya kwanza, kwenye Bwana, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Mikono yangu ilikuwa imekishika kitabu kwa nguvu kiasi kwamba kidole gumba kiliukunja ukurasa, na alama ya mkunjo ule ipo hadi sasa. Mwenza wangu alilianza neno kwa sauti ya chini, nikalidaka, nikaendelea. Nilikwama tena mara nne. Katika aya ya tisa, nilipofikia "kwa kuwa Bwana, Mungu wako", nilisikia sauti za watu wawili watatu waliokuwa viti vya mbele wakilisema neno hilo pamoja nami, bila mtu kuwaomba. Nilimaliza, nikasema "Neno la Bwana", nikarudi kuketi hali miguu ikitetemeka.

Kwa hiyo naipendekeza kozi hii kwa mtu mwenye jambo mahususi analoliahirisha, aliye tayari kulitaja mbele ya watu saba wengine na kuandamana na mwenza wa maombi hadi mwisho. Anayetaka kutazama video peke yake nyumbani atapata mafundisho mazuri ya majuma matatu ya mwanzo, lakini atakosa kiini chake. Aliye katika majonzi ya hasara ya karibuni nashauri azungumze kwanza na msimamizi kuhusu juma la nne, na kama anaweza aruke video yake, asome Danieli sura ya tatu badala yake. Mimi nimejiandikisha kwa awamu ijayo nikiwa msaidizi wa kundi, na maombi yangu mawili kwa waandaaji, la juma la nne na la aya inayokosekana kuhusu hofu iliyo ugonjwa, nimeyaandika kwa mkono na kuyakabidhi kabla ya kikao cha kufunga.