Montenegro: nema si neema

Nianze na konda, maana picha za milima mtaziona popote, ila konda yule hakuna aliyempiga picha.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano ya likizo, stendi ya mabasi ya Podgorica, mji mkuu wa Montenegro, nakwenda Žabljak huko juu milimani. Tiketi nimekata dirishani, nimelipa, nimeonyeshwa basi. Nafika kwenye buti, konda ananyoosha kiganja: euro mbili za begi. Sawa, nimekulia Tanga, kulipia mzigo si jambo geni. Nikamtolea noti ya hamsini. Akaitazama kama jani la mgomba. "Nema." Nikapekua pochi kutafuta sarafu, sina hata moja, zote zimeishia kwa mwenye vitanda vya ufukweni Budva. "Nema, nema!" Akalichomoa begi langu ndani ya buti akalitupa. Nasema akalitupa, tena kwenye dimbwi la mvua, watu wanatazama.

Kwetu neema ni baraka. Kwao nema ni "hakuna". Somo hilo nililipata nimeinama, nafuta matope kwa kanga.

Sifichi, la kwanza kunijia kichwani lilikuwa rangi yangu. Mweusi pale nilikuwa peke yangu. Mara wakaja vijana wawili na mabegi ya mgongoni, nikawajua Wajerumani walipofungua tu mdomo, maana naishi kwao mwaka wa sita huu. Nao wakafokewa vilevile, na begi la mmoja likaruka vilevile. Mpaka leo sijui kama hilo linanipunguzia hasira au linaniongezea. Wapiga debe wa Ubungo ile ya zamani walikuwa wakikunyang'anya mzigo na kukusukumia kwenye basi usilolitaka, lakini angalau walikuita dada.

Aliyenikomboa ni bibi mmoja mwenye nguo nyeusi tupu mpaka kitambaa cha kichwani. Akafungua kifuko chake, akambandika konda euro mbili kiganjani bila hata kumtazama. Nikamwambia hvala, ndiyo ahsante yao. Akajibu, "Nema na čemu." Nikanyong'onyea. Saa zote za njiani najiuliza, huyu naye ananiambia hakuna nini?

Basi, nchi yenyewe nisiidhulumu. Kotor ni kama Mji Mkongwe uliozungushiwa ukuta na kuegemezwa mlimani: vichochoro, mawe, paka kila kona utadhani uko Lamu. Ngazi za kwenda ngome ya juu ni 1,350, nami nilizipanda na ndala, msinifuate. Perast unavuka kwa mashua kwenda kisiwa chenye kanisa, na kisiwa hicho watu walikitengeneza kwa mikono, kwa kuzamisha mawe na vyombo vikuukuu vya baharini. Kila Julai 22 wenyeji wanarudi kuongeza mawe. Budva ni kelele na vitanda vya kulipia, nimemaliza.

Žabljak ndiko kwenye uzuri, na ndiko nilikofika nimenuna. Nimekaa mbele ya Ziwa Jeusi, Crno jezero, mita 1,416 juu ya usawa wa bahari, maji yametulia mpaka mlima unauona umepinduka ndani yake, misonobari inanukia, na mimi nasema moyoni: kwenye dimbwi! Daraja la Tara tu ndilo lililonisahaulisha. Liko mita 172 juu ya mto. Mwaka 1942 wapiganaji wa msituni walililipua ili majeshi ya Italia yasipite, wakisaidiwa na Lazar Jauković, mhandisi aliyeshiriki kulijenga. Alikamatwa, akauawa palepale darajani. Ukisimama pale na kulilia euro mbili unajionea haya. Nilijionea haya kama dakika kumi hivi.

Halafu chakula. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinipikia kačamak. Jamani, ni ugali! Unga wa mahindi na viazi, unasongwa kwa mti mrefu mpaka mpishi anatoka jasho, kisha unatiwa jibini na kajmak, yaani malai mazito haswa. Nilikula sahani mbili na ya tatu nikaionea aibu. Kondoo wao wanampika chini ya sač, kifuniko cha chuma kinachopaliwa makaa juu, kama bibi yangu alivyokuwa akipalia wali. Wana na majani yaitwayo raštan, Mkenya akiyaona ataita sukuma wiki, ila chunga, mara nyingi yanapikwa na nguruwe wa kukaushwa moshini. Neno svinjetina, yaani nyama ya nguruwe, nililikariri kabla ya salamu. Na ile pršut ya Njeguši wanayojivunia, paja zima la nguruwe, niliipita kwa adabu.

Binti wa yule mama alijua Kijerumani. Nikamsimulia habari za begi, akacheka mpaka akashika tumbo. Kumbe nema na čemu ni "hakuna cha kushukuru". Ndivyo wanavyomjibu mtu aliyesema ahsante. Na mimi nilimnunia bibi wa watu safari nzima.

Usiku ule nikafuta nyota mbili nilizokuwa nimeipa nchi hii, nikaweka nne. Nikataka kuweka tano, nikaliona begi pale mlangoni na doa lake.

Siku ya kurudi nilijaza sarafu mfukoni, zinalia kama njuga. Konda mwingine, kijana. Akapokea begi, akalilaza vizuri, akafunga buti, hakudai kitu. Nikamfuata mwenyewe na euro mbili mkononi. Akanipungia mkono: "Nema, nema."

Nimerudisha tatu.