Jongoo bahari: umtambue kwa macho au kwa hadubini?

Jongoo bahari, mnyama laini anayeishi chini baharini, ana aina nyingi. Kuzitambua kwa macho hakuna gharama. Maji ya bamvua yakitoka, mwokote jongoo mweusi umsugue kwa kidole. Kidole kikiwa chekundu, na mgongoni ana mchanga uliomganda, huyo ni aina ya Holothuria atra. Akikutolea nyuzi nyeupe zinazonata kama ulimbo, ni Holothuria leucospilota; atra hana nyuzi hizo. (Zikikushika vinyweleo vya mkono, utajuta.)

Ila rangi hudanganya. Aina iitwayo jongoo mchanga, Holothuria scabra, huweza kuwa wa kijivu au karibu mweusi, na akishachemshwa na kukaushwa sura yote imepotea. Hapo hadubini inashinda. Kata kipande cha ngozi kama punje ya mchele, kitie kwenye tone la jiki: nyama inayeyuka, vinabaki vijiwe vya chokaa, vingine kama vimeza, vingine kama vifungo vya shati. Jamii nyingine ya jongoo bahari, Stichopus, ina vijiti vya umbo la C. Suuza jiki yote, na asidi iwe mbali, vinginevyo chokaa inaisha.

Mfugaji wa Unguja macho yanamtosha. Mkaguzi wa bandarini mwenye gunia la jongoo wakavu atafute hadubini.