Aisha: Filamu ya Pangani Inayostahili Watazamaji Wengi Zaidi

Mtazamaji aliyezoea filamu za Bongo zinazozunguka majumba ya kifahari ya Dar es Salaam atakuta jambo tofauti kabisa katika Aisha, filamu ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Chande Omar. Ilitengenezwa na UZIKWASA, yaani Uzima kwa Sanaa, asasi yenye makao yake Pangani, mkoani Tanga, ambayo kwa muda mrefu imetumia maigizo ya vijijini na redio ya Pangani FM kufungua mijadala kuhusu ukatili wa kijinsia. Kwa hiyo hawa si wageni waliokuja kuwafundisha watu wa pwani adabu, bali ni jamii inayojitazama yenyewe, na nadhani hapo ndipo filamu inapopata nguvu.

Aisha, anayeigizwa na Godliver Gordian, ni mfanyabiashara wa mjini anayerudi kwao kwa ajili ya harusi ya ndugu yake, na huko anabakwa na kundi la wanaume. Mwongozaji angeweza kuishia kwenye unyama huo, lakini yeye anafuatilia yanayokuja baadaye: aibu inavyohamishwa kutoka kwa wakosaji na kutwishwa mwanamke, na watu wema kabisa wanavyoona heri jambo lifunikwe kuliko ukoo uvunjiwe heshima. Sheria ya Tanzania inatoa kifungo cha maisha kwa ubakaji wa kundi, lakini adhabu hiyo haina maana iwapo wazee wamekwisha kumalizana barazani, au iwapo aliyetendewa ameshauriwa aoge na anyamaze hadi ushahidi wa kitabibu upotee kabla fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa akapimwe hospitali, haijachukuliwa. Gordian anaubeba uzito huo bila kupiga makelele, na ndiyo sababu tunamwamini.

Zipo sehemu ambapo ujumbe unaitangulia hadithi, na wahusika wanaeleza jambo ambalo nyuso zao zilikuwa zimekwisha kulisema. Hata hivyo dosari hiyo haikunipunguzia heshima niliyonayo kwa kazi hii.

Maudhui yake ni mazito, hivyo haifai kwa watoto wadogo. Ningependekeza itazamwe kwa pamoja na wanaume na wanawake, na muda wa kuzungumza utengwe mara inapokwisha, kwa kuwa maswali yatakuwa mengi.