Rosh Hashanah na watoto wadogo: sinagogi iliyotupokea sisi na kelele zetu

Kama una watoto wadogo na kila Rosh Hashanah (mwaka mpya wa Kiyahudi) ikikaribia unajiuliza mwende au mbaki tu nyumbani, soma hii. Mi nina wawili, wa miaka 3 na wa miaka 6, na mwaka jana mahali pengine mdogo aliangusha kitabu watu safu nzima wakatugeukia, tukatoka hata shofari, ile pembe ya kondoo dume, haijapigwa na nikalia njia nzima. Mwaka huu tumejaribu kwingine na jamani, ni tofauti kabisa.

Mlangoni tu, mama mmoja aliinama akawasalimia watoto kabla ya sisi, akawauliza majina, akawapa kila mmoja kibegi chenye vitabu vya picha na midoli laini isiyopiga kelele, halafu akatuonyesha viti karibu na mlango ili tukitaka kutoka tutoke bila wasiwasi. Hakutuambia tuwanyamazishe hata mara moja.

Ibada ya watoto ni kama nusu saa hivi, wanakaa chini kwenye zulia, nyimbo za kuitikiana, vipande vya tufaa na asali. Sawa, hayo sehemu nyingi yapo. Kilichonigusa ni shofari. Walifundishwa kabla: tekia sauti moja ndefu, shevarimu tatu, terua tisa fupi fupi, wakawa wanazipiga kwa mdomo, halafu muda ulipofika wakaletwa ukumbi mkubwa wakakaa mbele kabisa chini ya miguu ya mpigaji. Yaani wanajua wanachosikiliza! Desturi ni milio 100, mkubwa wangu alihesabu kwa vidole mpaka akachanganyikiwa akaanza upya, na ile ya mwisho ndefu, tekia gedola, watoto wote walibana pumzi pamoja na mpigaji. Angalieni kalenda lakini, siku ya kwanza ikiangukia Sabato sinagogi nyingi hazipigi, wapelekeni siku ya pili.

Rabi naye alisema kitu kifupi, kwamba Kumbukumbu la Torati 31:12 inataka wakusanywe wanaume, wanawake na watoto, na marabi wa Talmudi (mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi) wakauliza sasa hawa wadogo wanakuja kufanya nini, jibu likawa ni ili wanaowaleta wapate thawabu. Nilimkumbatia mdogo wangu hapo hapo.

Kasoro zipo. Chumba cha watoto kimejaa mno, na wa miaka 9 wanachanganywa na wa miaka 3 kwahiyo wakubwa wanaboreka haraka. Yom Kippur, ile siku ya kufunga na kutubu, waliweka vitafunio chumba cha pembeni maana watoto hawafungi, vizuri sana, ila mchana hakukuwa na chochote kwa ajili yao na ndo muda kitabu cha Yona kinasomwa, hadithi ya samaki mkubwa kabisa! Nimewaambia, wamesema mwakani watatafuta mtu wa kuwasimulia.

Kwangu ni nyota 4 kati ya 5. Simchat Torah, sikukuu ya kuishangilia Torati, tunarudi, pale watoto wote wanaitwa mbele ya Torati wanasimama chini ya taliti (shali ya sala) moja iliyotandazwa juu ya vichwa vyao, na mkubwa ameshaniuliza mara mbili siku ngapi zimebaki.