Plato au Aristotle: nani aliuamini umma?

Mwaka 399 KK mahakama ya wananchi wa Athens, Ugiriki, ilipiga kura mwanafalsafa Socrates anyweshwe sumu. Plato, mwanafunzi wake, alikuwa bado kijana, na donda hilo halikupona. Katika kitabu chake, Jamhuri, anatuchorea chombo baharini: mwenye chombo ana nguvu lakini hasikii vizuri na macho yake ni hafifu, mabaharia wanagombania usukani, wala hakuna aliyejifunza kazi. Anayezitazama nyota ili kujua njia, wanamwita mpayukaji. Ndiyo demokrasia hiyo, kwa macho ya Plato. Haki ni kila mtu kushika kazi inayomfaa, na usukani ni wa wanafalsafa.

Aristotle, mzaliwa wa Stagira, alikaa miaka 20 hivi kwenye Akademia, shule ya Plato. Athens alikuwa mgeni, kura hana. Ajabu, yeye ndiye aliyeutetea umati zaidi: karamu ya mchango, anasema, yaweza kuishinda iliyogharimiwa na mtu mmoja, na utamu wa chakula anaujua mlaji kuliko mpishi. Hapo mimi namfuata yeye, maana anayebeba kodi na vita ndiye anayejua serikali inauma wapi. Haki kwake ni kugawa kwa stahili, na dola hutulia ikiwa na watu wengi wa hali ya kati.

Ila tusimpambe mno. Wanawake na watumwa hawakualikwa kwenye karamu yake. Plato, pamoja na dharau zake kwa umati, aliwakubali wanawake watawale.