Pama ya ofisa wa Schutztruppe (jeshi la kikoloni la Wajerumani): kofia safi, utepe ndo wameharibu

Wadau wa maigizo na nyie mnaokusanya vitu vya kale, hatimaye ile pama ya kijivu ya maofisa wa Kijerumani imefika, ile ile Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, anaonekana nayo kwenye picha, ukingo wa kulia umekunjwa juu. Tuliihitaji kwa igizo letu la vita vya Tanga vya Novemba 1914 na huku madukani hata uzunguke vipi huipati, ikabidi tuagize nje mtandaoni.

Kwa kweli wameishona vizuri. Sufu yake nzito, ukiibonyeza inarudi yenyewe, na ndani kuna mkanda wa ngozi halisi, sio ile rexini inayobanduka jasho likiingia. Hata kile kiduara kinachoshikilia ukingo uliokunjwa wamekipatia, nyeusi nje, nyeupe katikati, nyekundu ndani kabisa, rangi za dola ya Ujerumani enzi hizo.

Sasa utepe jamani! Tangazo limeandikwa kabisa Ostafrika, yaani Afrika Mashariki, halafu utepe wa kuzunguka kofia na ule wa ukingoni vyote buluu. Buluu walivaa wa kule Namibia ya leo, Kameruni nyekundu, huku kwetu ilikuwa nyeupe. Nahisi watengenezaji wanafuata picha za zamani tu, maana filamu nyingi za kamera za wakati ule buluu ilikuwa inatoka nyeupe-nyeupe so ukiangalia picha peke yake hujui ipi ni ipi. Nikamuuliza muuzaji, akanijibu eti zote ni za Mjerumani tu. Haya bana.

Fundi cherehani wa mtaani akaifumua akaweka utepe mweupe wa pamba kwa elfu tano, sasa hivi ukiiona unasema yenyewe. Ila kofia ya bei ile haikutakiwa kupita kwa fundi kwanza, na hapo bado sijataja ushuru niliolipia.

Saizi zao ni ndogo, panda namba moja. Halafu usije ukamvalisha hii anayeigiza askari wa Kiafrika, nimeona kikundi fulani kimefanya hivyo nikachoka. Askari walivaa tarabushi ya kaki, mbele tai wa chuma, nyuma kitambaa kinashuka kufunika shingo, na huyu muuzaji hana hizo.

Nampa nyota tatu. Angeweka utepe mweupe ningempa zote tano.