Bao au Hair Love: watoto waanze na ipi?

Zote ni katuni fupi za kuchekesha, hazifiki dakika 10, na zote zilishinda Oscar: Bao mwaka 2019, Hair Love 2020. Bao ni ya Domee Shi, mwanamke wa kwanza kuongoza filamu fupi ya Pixar, studio ya katuni ya Marekani. Mama Mchina anayeishi Toronto anaona andazi lake la mvuke likigeuka mtoto, kisha likikua. Unacheka, halafu ghafla mama analimeza ili lisiondoke na mchumba. Mtoto mdogo anaweza kushtuka.

Hair Love, ya Matthew A. Cherry, imenigusa zaidi. Baba mweusi anahangaika na nywele za bintiye hadi anajiona yuko ulingoni, anapigana nazo masumbwi, na zinamshinda. Kichekesho ni baba asiyejua kutengeneza nywele. Nywele zenyewe hazidharauliwi hata kidogo. Binti aliyewahi kulia chini ya chanuo akiambiwa nywele zake ngumu atalielewa hilo mara moja. Tena ilianza kwa michango ya watu mtandaoni mwaka 2017, zaidi ya dola 280,000.

Mimi ningeanza na hii. Bao waione wakikua kidogo, mama akiwa kando yao.